Kabari Haisongi

Dunga
3 Februari 2025

Kaka Fabian,

Nakusalimu. Katekista Naswa aliporudi kutoka huko kwenu alisema umekonda lakini unacheka. Nimeshukuru kwa hilo la pili.

Sina habari njema. Mashine yako ya kupasulia kuni imegoma. Injini inawaka kwa mvuto wa kwanza na kunguruma kama kawaida. Kabari inatoka vizuri ikiwa hakuna kitu mbele yake. Lakini nikiweka gogo, hata la mkaratusi lisilo na vifundo, kabari inaligusa halafu inasimama. Injini haizimiki wala haibadilishi sauti. Inasimama tu pale kama mtu aliyesahau alichokuwa anakwenda kusema.

Wanawake wanaokaanga samaki hapa ufuoni wananingoja. Mbuta akishatolewa mtumbwini hangoji mtu. Jana Mama Lornah alikaanga kwa makaratasi na vipande vya boti bovu, moshi ukamtoa machozi, akaniita binti wa Bungoma kwa lugha yao, "Nyar Bungoma, utatuua na njaa?" Leo nimepasua kwa shoka mpaka viganja vimetoka malengelenge.

Mume wangu anasema mashine ya mtu aliye jela ni mkosi, tuiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nimemwambia uliiunda mwenyewe pale Kondele, na ni wewe utakayesema iende wapi.

Niambie nianzie wapi. Andika kama unamweleza mtu asiyejua kitu, maana ulipokuwa ukiiunda mimi kazi yangu ilikuwa kukuletea chai.

Usijali mwandiko. Mkono umeumia kidogo. Gogo liliteleza.

Dada yako,
Nelima


Gerezani
8 Februari 2025

Dada Nelima,

Barua yako afande ameisoma kwanza, kama kawaida. Ameniuliza kabari ni nini. Nikamwambia ni kile chuma chenye makali kinachopasua gogo. Akaniangalia sana, mtu kama mimi kuzungumzia makali.

Injini kutobadilisha sauti ni habari kubwa. Kabari ikibana gogo kwa nguvu zote, injini lazima iugue kidogo. Kama haiugui, basi oili haisukumi. Inapita mahali pengine na kurudi kwenye tangi.

Kabla ya yote zima injini, chomoa waya wa plagi, uuweke mbali. Usiguse chochote kabla ya hapo, hata ukiitwa na nani. Kisha fungua tangi uangalie oili. Ikiwa imepungua, ongeza. Ikiwa na povu, pampu inavuta hewa, kaza paipu nene linalotoka chini ya tangi. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, kuna maji, imwage yote. Pale paipu linapoanzia kuna chujio, litoe ulioshe kwa petroli. Halafu katikati ya injini na pampu utaona dirisha dogo. Ndani yake kuna raba yenye meno inayounganisha vyuma viwili. Raba ikikatika, injini itazunguka peke yake na pampu italala, lakini sidhani ndiyo, maana umesema kabari inatoka. Mwisho angalia valvu, ile yenye hendeli unayosukuma. Hendeli inafika mwisho wake?

Umwite Badru wa Kondele kama utashindwa. Ni mvivu wa kuinama lakini macho anayo.

Huku mtu amechomwa shingo na kijiko kilichonolewa, kisa blanketi. Alikuwa amelala karibu nami. Nilimziba kwa shati langu mpaka wakaja, na damu haikutoka kwenye shati hata kwa jiki, likatupwa tu. Usimwambie mama.

Mkono umeumia vipi? Gogo likiteleza huponda vidole vya miguu.

Fabian


Dunga
12 Februari 2025

Kaka Fabian,

Nimefanya yote. Oili iko juu na ni safi, haina povu. Chujio lilikuwa na uchafu kidogo, nimeliosha, haikubadilisha kitu. Raba ina meno yote. Mama Lornah alinishikia tochi ya simu nilipokuwa nikichungulia pale dirishani, akasema sasa mimi ni daktari wa meno.

Nikamwita Badru. Kabla hajainama alishaamua kwamba pampu imekufa. Nikamsomea barua yako, ndipo akapiga goti. Akasukuma hendeli ya valvu, ikakwama kabla ya kufika mwisho, kama upana wa kidole hivi. Ule mkono wa chuma unaoshikana na hendeli umepinda. Na pembeni ya valvu kuna alama ya duara, rangi imebanduka, chuma kimeingia ndani. Ni kama kifuniko cha soda lakini kikubwa zaidi.

Nadhani ni gogo lililoangukia hapo.

Badru aliitazama ile alama, akanitazama mimi, kisha akasema amekumbuka kazi mjini. Hata chai hakunywa.

Je, huo mkono unanyooshwa au unanunuliwa mwingine? Mkono wangu unapona. Usiulize sana.

Nelima


Gerezani
15 Februari 2025

Nelima,

Hiyo valvu niliifunga chini ya ubavu wa chuma makusudi, gogo lisiifikie. Gogo likianguka litapiga ubavu. Alama ya duara ni uso wa nyundo. Ni nyundo yangu ile kubwa, hakuna nyingine hapo kwenu. Na ilitoka upande anaosimama mwendeshaji.

Ulikuwa umesimama wapi, dada?

Nitakueleza kazi kwanza, maana kuni zinangojewa. Zima, chomoa waya. Toa pini inayoshika hendeli, fungua bolti mbili za ule mkono, uutoe nje. Usiunyooshe ukiwa kwenye mashine, utaharibu kijiti cha ndani ya valvu, na hicho hakinyooki. Peleka kwa mtu mwenye jiliwa ya kubania chuma, aubane na kuunyoosha polepole. Rudisha, kaza, jaribu bila gogo, halafu na gogo jepesi. Hendeli ikifika mwisho, oili yote itakwenda kwenye silinda na kabari itasonga.

Sasa hili jingine. Afande anasoma, kwa hiyo nitasema hivi: nina mafundi wa zamani pale Kondele. Wananiheshimu bado. Wanajua kunyoosha kitu chochote kilichopinda, na hawahitaji kuambiwa mara mbili. Niandikie jina la kitu kilichopinda, nao watakuja Dunga.

Nimesoma hiyo barua yako mara nyingi kiasi kwamba jana nilimpiga mtu kichwa kwenye foleni ya uji kwa sababu alinikanyaga. Meno yake mawili yalibaki sakafuni. Nimewekwa peke yangu tangu hapo. Ninakuandikia karatasi ikiwa juu ya magoti.

Kaka yako,
Fabian


Dunga
19 Februari 2025

Kaka Fabian,

Usitume mafundi. Nakuomba kwa jina la mama yetu. Nilikuficha kwa sababu hiyo hiyo. Nilijua ukisikia utatoka huko na kwenda moja kwa moja kumuua mtu, halafu urudi huko huko, na mimi nibaki nikipeleka barua mpaka nizeeke.

Ni Wabwire, mume wangu huyu huyu. Ulijua.

Siku ile alitaka mashine iende kwa watu wa vyuma, alikuwa ameshawaleta hadi langoni. Niliwaambia waondoke, wakaondoka huku wakimcheka. Akaniambia, "Kwa hiyo hapa mwanamume ni yule aliye jela?" Nikainama kuweka gogo. Sikumwona akiinua nyundo. Nilisikia Mama Lornah akipiga kelele ng'ambo ya ua, nikaruka. Nyundo ilipitia kwenye mkono wangu ikaishia kwenye valvu. Mfupa haukuvunjika, umepasuka tu. Haikuwa mara ya kwanza, kaka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa chuma.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Ule mkono wa valvu niliupeleka kwa jirani mwenye jiliwa, ukanyooka, nikaurudisha mwenyewe. Jana asubuhi nikawasha. Nikaweka gogo la mwembe lenye vifundo, lile lililokuwa limetushinda. Injini ikaugua, kama ulivyosema. Kabari ikaingia. Wanawake walisimama kutazama, wengine wakapiga vigelegele.

Wabwire akatokea na panga. Alikwenda moja kwa moja kwenye mashine, gogo likiwa bado limebanwa katikati, akalipiga lile paipu jembamba linalokwenda kwenye silinda. Ndani lina waya, halikukatika. Likatoboka kidogo tu. Oili ikatoka kwa mstari mwembamba kama uzi, ikipiga filimbi. Akalishika kwa kiganja ili aling'oe, halafu akaruka nyuma kama aliyeumwa na nyuki. Nikazima injini. Alikuwa na panga katika mkono mwingine na mimi nilikuwa na shoka, tukatazamana. Wanawake walikuwa wamenizunguka wakiwa na makasia na miiko ya kukaangia. Akajitazama kiganja. Hakikuwa na kitu, ni kinukta tu kama cha mwiba, hata damu hakikutoa. Akacheka. Akasema, "Mashine ya shemeji inadunga sindano," akaenda zake.

Leo mkono umemvimba kidogo, umekuwa mweupe na baridi, anasema hausikii vizuri. Amepaka mafuta ya kukanda akalala.

Ninachotaka kujua ni paipu. Ninunue la namna gani, na nipime vipi urefu? Badru anaweza kulipata Kondele?

Dada yako,
Nelima


Gerezani
22 Februari 2025

Nelima,

Utakuwa umeshapigiwa simu kabla ya barua hii. Nataka ujue ilivyokuwa.

Katekista alinipa barua yako juzi, baada ya kutolewa kule peke yangu. Nilipofika kwenye paipu nikafurahi. Nilipofika kwenye kinukta cha mwiba nikafurahi zaidi, Mungu anisamehe, maana nilijua ni nini na wewe hukujua. Ile oili ikitoka kwenye tundu dogo inapenya ngozi kama risasi isiyo na mlio. Nje huoni kitu. Ndani inasambaa kwenye nyama na mishipa, na nyama inaanza kufa. Haiponi kwa dawa ya kukanda. Inataka kisu cha daktari siku hiyo hiyo. Nilimwona fundi mmoja akienda hivyo, alianza kwa kidole, wakamkata mkono, akafa.

Nilikaa na barua mkononi. Mtu wa pili kwenye chumba aliniuliza, "Habari njema?" Nikasema ndiyo.

Halafu nikaenda kwa afande wa ustawi kuomba simu. Ilikuwa saa ya kuhesabiwa, hairuhusiwi kutoka kwenye mstari. Nikatoka. Askari wa kwanza alinipiga rungu kwenye goti, wa pili mgongoni. Nikaendelea kutambaa huku nikisema mtu anakufa Dunga, mtu anakufa Dunga. Walidhani nimerukwa na akili. Wamenivunja ubavu mmoja na ninakojoa damu, lakini inapungua. Afande wa ustawi mwenyewe ndiye aliyepiga ile simu kwa Mama Lornah, nikiwa chini miguuni pake. Nilisikia sauti ya Mama Lornah ikisema atampeleka hata kwa mkokoteni.

Kuhusu paipu, ni lile la waya mbili, lenye presha kubwa. Peleka la zamani dukani walipime wenyewe. Na kamwe usitafute tundu kwa mkono wako, pitisha kipande cha katoni.

Niambie wamemfikisha.

Fabian


Gerezani
10 Machi 2025

Nelima,

Sijapata jibu. Katekista anasema ua wako umefungwa kwa kufuli na wanawake hawataki kuongea naye mbele ya watu. Nimekuandikia mara mbili. Kama umekasirika kwa sababu ya lile nililosema kuhusu mafundi, nilishawaambia waache. Andika hata neno moja.

Fabian


Dunga
20 Machi 2025

Fabian Walubengo,

Ni Wabwire. Ninaandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo nitakuwa mfupi.

Walinikata mkono kwenye kifundo. Daktari alisema oili ilikuwa imepanda kwenye nyama kama maji kwenye kitambaa. Kabla ya kukata waliupasua mkono na kuuosha mara tatu, na kila mara niliamka nikidhani umepona.

Dada yako hayuko nyumbani. Yuko rumande. Ndugu zangu walipokuja hospitali waliniuliza ni nani aliyenifanya hivi. Nikasema ni yeye, alinielekezea paipu makusudi. Walikwenda uani wakampiga kwa mipini ya shoka zake mwenyewe. Yule mama anayekaanga samaki aliwamwagia mafuta ya moto, mmoja ameungua uso. Wakamburuta dada yako mpaka kituoni, na mimi nikaandika taarifa, yaani nilisema wakaandika. Afisa akaniambia nionyeshe alivyonielekezea. Nikataka kuonyesha kwa mkono ambao haupo.

Leo yule mama amekuja kunitukana. Katika kunitukana akasema kwamba aliyepiga simu ni wewe, na kwamba ulivunjwa mbavu kwa ajili yangu. Sikuamini. Wewe ulimtoboa mtu jicho Kondele kwa sababu ya matusi. Ulijua nilivyomfanyia dada yako. Ungenyamaza tu, ningekufa, na hakuna mtu angekushtaki.

Kesi ni tarehe mbili mwezi ujao. Naweza kwenda kusema ukweli, naweza nisiende. Niambie kwanza kwa nini hukuniacha nioze.

Wabwire


Gerezani
25 Machi 2025

Wabwire,

Umeuliza, nakujibu. Sikufanya kwa ajili yako, na usiniite mtu mwema kwa mtu yeyote.

Niliposoma kuhusu mkono wako nilikuona umelala kwenye kitanda chenu na kunuka. Nikamwona Nelima akikuosha. Namjua. Angekuosha mpaka mwisho na angejilaumu kwa kila kidole. Ungekufa, na ndugu zako wangekaa uani kwake, wangesema mashine ndiyo iliyokuua na yeye ndiye aliyeiwasha. Angevaa nguo za msiba wako maisha yake yote. Mume aliyekufa haachiki. Hata alivyompiga mkewe husahauliwa, watu husema alikuwa mgonjwa, alikuwa na hasira, marehemu hasemwi.

Nilitaka uwe hai ili aweze kukuacha.

Ni hilo tu. Goti langu halikunjiki tangu siku ile na sikudai kitu. Tarehe mbili nenda au usiende. Ukienda, sema kila kitu, na nyundo pia.

F. Walubengo


Dunga
6 Aprili 2025

Kaka Fabian,

Nimetoka. Nakuandikia nikiwa kwa Mama Lornah, kwenye stoo yake ya samaki, ndiko ninakolala. Samahani kwa kimya. Kule rumande sikuweza kushika kalamu. Mkono ule ule uliopasuka waliupiga tena, na safari hii mfupa ulivunjika. Barua zako zote Naswa alikuwa amezishika, amenipa jana, nimezisoma kwa pamoja. Ile ya ubavu nimeshindwa kuimaliza kwa mara moja.

Wabwire alikuja mahakamani. Ndugu zake walikuwa wamejaa benchi lote la nyuma. Alisimama mbele ya hakimu akasema, "Nilikata paipu mwenyewe kwa panga, nikalishika mwenyewe." Hakimu akamuuliza kwa nini basi aliandikisha mengine. Akasema, "Nilikuwa na hasira, na hospitali hakukuwa na kitu cha kupiga." Halafu akasema habari ya nyundo. Na ya kabla ya nyundo, nyingine nilikuwa nimezisahau mimi mwenyewe. Ndugu yake mkubwa alitoka nje na kubamiza mlango. Wakanifungulia siku hiyo hiyo. Yeye sasa ana kesi ya uongo, na mimi nimeandikisha ya kwangu kuhusu kipigo. Mama Lornah naye ameitwa kwa ajili ya yale mafuta. Anasema atakwenda na kikaango chenyewe wakione.

Tulikutana nje, kwenye ngazi. Alikuwa peke yake. Amekonda, shati linampwaya. Akasema, "Twende nyumbani."

Nikasema, "Hapana."

Akasema, "Nelima, nimesema ukweli mbele ya watu wote. Twende."

Nikasema, "Umesema. Asante. Mimi siendi."

Akainua mkono. Najua hakukusudia, kaka, ulikuwa ni mwili tu uliozoea. Aliuinua ule wa kulia, juu kabisa, jinsi alivyokuwa akiuinua, na mimi mwili wangu nao ukajikunja vile vile ulivyozoea. Kisha hakuna kilichokuja. Nikafungua macho. Alikuwa amesimama anautazama ule mkono pale juu, ulipoishia, na bendeji yake. Watu walikuwa wakipita. Aliushusha polepole akauficha ndani ya shati.

Sikucheka wala sikumhurumia. Nilishuka zile ngazi nikatembea kwa miguu mpaka Dunga.

Leo nimefungua ua. Badru amekuja na paipu jipya la waya mbili, ameinama mwenyewe bila kuambiwa. Mkono wangu uko kwenye plasta, kwa hiyo Lornah, binti wa Mama Lornah, anasukuma hendeli na mimi ninaweka magogo kwa mkono mmoja. Wanawake wamepanga foleni na karai zao. Tumeanza na mkaratusi.

Dada yako,
Nelima